Kisa cha Nyongeza: Bwana Msa, Mpwa Wangu na Ngeli Zisizotunza Siri

Desemba 2023 mpwa wangu alikuja kwangu Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa na begi moja la nguo na kompyuta ya kaka yake iliyopasuka kona ya kioo. Alikuwa na umri wa miaka 14. Mama yake, dada yangu anayefanya kazi Mwanza, alikuwa amenipigia simu akaniambia neno moja tu: mtoto amefeli Kiswahili. Kwa kuwa somo hilo ndilo linalonilisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa kuwa mjomba ni mama wa kiume, sikuwa na pa kukimbilia.

Nilimpa zoezi la upatanisho wa kisarufi siku ya kwanza. Alipata matatu kati ya kumi. Nikamkemea kwa maneno ambayo sasa nayajutia. Nilimwambia kwamba mtoto wa Kihaya hana udhuru wa kukosea ngeli, kwa sababu anayesema omuntu na abantu, ekitabo na ebitabo, amezinyonya ngeli pamoja na maziwa ya mama. Hakunijibu. Alichukua kompyuta yake akaenda barazani, na kwa siku mbili nikawa nauona mgongo wake tu.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, nasi sote tukawa ndani. Aliniita kwa sauti ya chini: “Mjomba, shikamoo. Naomba unisaidie neno moja.” Neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza, na lilikuwa limeandikwa katika barua iliyotolewa mfukoni mwa maiti.

Nilivuta kiti.

Mchezo ule unaitwa The Case of the Golden Idol. Ulitoka Oktoba 2022, na waliouunda ni ndugu wawili wa Latvia, Andrejs na Ernests Kļaviņš, katika studio yao ndogo iitwayo Color Gray Games. Nilitarajia risasi na magari ya kukimbizana. Nilichokiona ni picha iliyosimama. Ni karne ya 18. Mtu amekufa, au ndiyo anakufa, na watu waliokuwapo wameganda walivyo, kila mmoja na tendo lake. Mchezaji hapigani na mtu. Hupekua mifuko, husoma barua, hutazama nyayo na sahani na majina yaliyochongwa milangoni. Kila anapogundua jambo, neno lake huokotwa: jina la mtu, jina la kitu, au kitenzi. Maneno hayo hukusanyika chini ya kioo kama nafaka katika ungo. Kisha hufunguliwa karatasi yenye maelezo ya tukio, nayo ina nafasi tupu. Kazi ya mchezaji ni kuzijaza nafasi zile kwa maneno aliyookota, mpaka sentensi zisimame na kusema nani alimfanyia nani nini, kwa kitu gani, na kwa nini.

Ndugu wasomaji, mimi ni mtu wa vina na mizani. Nimetumia nusu ya umri wangu nikitafuta neno la kujaza nafasi iliyobaki wazi mwishoni mwa mshororo. Sikutarajia kuikuta kazi hiyohiyo kwenye kompyuta ya mtoto, ikiwa imevishwa koti la upelelezi.

Tuliucheza mchezo ule kwa wiki moja. Alikuwa akipekua, mimi nikitafsiri. Niligundua kwamba mvulana yule niliyemwita mzembe alikuwa na jicho la mwewe. Alitambua nani ni bwana na nani ni mtumishi kwa kutazama viatu. Aliona kwamba saa ya ukutani na saa ya mfukoni hazikubaliani. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nikikimbilia kujaza nafasi kwa kubahatisha, yeye alikuwa akinizuia: “Subiri, Mjomba, hatujaona bado.”

Kauli ile ilinikumbusha jambo la nyumbani. Katika hadithi za Kihaya msimulizi hufungua kwa kusema kwamba alikuja akaona, na wasikilizaji humwitikia wakimtaka aone, ili nao wapate kuona. Peter Seitel, Mmarekani aliyezikusanya hadithi hizo Kagera, alilifanya itikio hilo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Mababu zetu walijua kwamba hadithi si kusikia tu. Ni kutazama kupitia jicho la mwingine. Naam, mpelelezi ni nani kama si mtu aliyetumwa kuona kwa niaba yetu?

Mchezo ukaisha. Siku iliyofuata mpwa wangu alikuja na habari: kuna visa vya nyongeza. Si mchezo mpya. Ni vipande vifupi vya kupakua, ambavyo huwezi kuvicheza kama huna mchezo wenyewe. Viwili vilikuwa vimetoka mwaka ule wa 2023, The Spider of Lanka mwezi Mei na The Lemurian Vampire mwezi Septemba. Kila kimoja kina visa vichache, na vyote viwili hurudi nyuma kusimulia yaliyotokea kabla ya mchezo kuanza. Alitaka nivinunue.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba hadithi ikiisha imeisha, na kwamba mfanyabiashara anayekuuzia ng'ombe leo na mkia kesho anakudharau. Maneno yale hayakuwa bure kabisa. Nilipata kusoma habari za L.A. Noire, mchezo wa upelelezi wa mwaka 2011, ambao baadhi ya kesi zake za nyongeza zilitolewa kwanza kama zawadi kwa waliolipia mapema katika maduka mbalimbali, hata mnunuzi wa duka hili akaikosa kesi ya duka lile. Baadaye zikauzwa kwa wote. Nyongeza ya namna hiyo ni pande lililomegwa katika mkate mzima. Inamwacha mnunuzi akijiuliza kama alichopewa mwanzo kilikuwa kamili.

Lakini nikisema kweli, hasira yangu haikuwa ya biashara. Ilikuwa ya zamani, na haikumhusu mtoto.

*

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera mwezi Oktoba, watu wengi wa upande ule walikimbilia kusini. Nyumbani kwetu tulipokea familia moja. Nilikuwa mdogo mno, nami nasimulia nilivyosimuliwa. Walikaa hadi vita vilipokwisha, na waliporudi kwao waliacha vitu vichache, kimoja kikiwa kitabu chembamba kilichokosa jalada la nyuma. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla.

Wasomaji wa ukumbi huu hawahitaji kuelezwa kitabu hicho ni nini. Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda nacho shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960, na ndicho kilichomleta Bwana Msa na kiko chake katika fasihi ya Kiswahili. Visa vingine vilifuata: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, na cha mwisho mwaka 1984, Kosa la Bwana Msa. Wengi tuliokulia mbali na pwani tulijifunza ladha ya Kiswahili cha Unguja kwa kumfuata mpelelezi yule asiye na haraka.

Nakala yetu haikuwa na mwisho. Kurasa zile zilikuwa zimewashia moto njiani, au zilifungiwa tumbaku, hakuna aliyejua. Marehemu baba yangu, ambaye tulimwita Tata kama Wahaya wote wanavyowaita baba zao, hakuwa msomi. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, aliyejifunza kusoma ukubwani. Lakini jioni, kibatari kikiwashwa, alitusomea kurasa mbili tatu. Nilipofika miaka kumi tulifika pale karatasi zilipokatikia. Nakumbuka alivyonyamaza. Aligeuza karatasi ya mwisho kana kwamba kuna nyingine, akakohoa, kisha akaendelea kusoma.

Akaendelea kusoma, nasema, kwa maana macho yake yalibaki kitabuni. Alisoma kwa jioni tatu zaidi. Bwana Msa aliwasha kiko, akawaita watu wote mahali pamoja, akamtaja muuaji na sababu yake. Nilipata usingizi mtamu.

Mwaka 1990 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja mjini Bukoba. Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala kuhusu riwaya za upelelezi. Nilisimama mbele ya wenzangu, kwa majivuno ya mtoto wa kijijini aliyesoma kabla ya wengine, nikaeleza mwisho wa Mzimu wa Watu wa Kale. Nilieleza kwa ukamilifu. Nilimtaja muuaji ambaye katika kitabu hana hatia yoyote. Simtaji hapa, kwa heshima ya wale ambao bado hawajakisoma. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu alinionyesha kitabu kizima, chenye kurasa zote, akaniuliza kama nilikiota ndotoni. Kwa miezi mingi jina langu pale shuleni lilikuwa Mwisho Mwingine.

Niliporudi likizo sikusalimia. Nilimwambia Tata: “Ulinidanganya.” Alikuwa akianika kahawa uani. Hakukana. Alisema tu, “Kitabu kilikuwa hakina mwisho, nawe ulikuwa hulali.” Kisha akaendelea kusambaza kahawa kwa mkono wake.

Tangu siku ile Tata hakusimulia tena hadithi mbele yangu. Kwa wadogo zangu alisimulia, nami nilikuwa nikisikia sauti yake ikikatika nilipoingia mlangoni. Alifariki mwaka 2004. Hatukulizungumza jambo lile.

*

Basi usiku ule, baada ya kumkatalia mpwa wangu, sikulala. Nilikuwa nikikumbuka kwamba hata huyo Arthur Conan Doyle, ambaye mpelelezi wake anahesabiwa babu wa kina Bwana Msa wote, alijikuta katika jaribu hilohilo. Mwaka 1893 alimuua Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji, akidhani amemaliza. Wasomaji hawakukubali. Mwaka 1901 alianza kuchapisha The Hound of the Baskervilles katika jarida la Strand, na ili asimfufue marehemu, alikiweka kisa katika siku za kabla ya kifo. Ndiyo nyongeza iliyorudi nyuma, kama vile visa vya Lanka. Mwaka 1903 alisalimu amri, Holmes akarudi hai. Na ni nani leo anayesema kwamba riwaya ile ya 1901 ni mkia uliouzwa kando? Wengi huihesabu kuwa bora kuliko zote.

Sisi washairi nasi tumeishi kwa nyongeza. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuwa akitunga akafunga mlango. Alitunga akingoja majibu, na majibu yalipofika alijibu tena. Kurasa za mashairi katika magazeti yetu, tangu enzi za Mambo Leo, zilijaa mafumbo yaliyofumbuliwa na mtu wa mkoa mwingine wiki kadhaa baadaye, kwa vina na mizani ileile. Wafumbaji wale hawakuona kwamba shairi limeharibiwa kwa sababu mtu ameongeza. Kuongeza kulikuwa ndiko kusoma.

Asubuhi nilimwambia mpwa wangu avae viatu, twende Bukoba.

Ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa daladala, na tulikwenda kwa sababu mtandao wa Kamachumu siku zile za mvua ulikuwa ukija na kwenda kama mgonjwa wa malaria. Rafiki yangu alikwisha kutulipia kwa kadi yake. Katika kibanda cha kwanza tulikaa mpaka bando likaisha kabla ya upakuaji kufika nusu, na mwenye kibanda akadai tulipe upya. Tukahamia kwingine, karibu na soko. Wanawake walikuwa wakiuza senene kwa vikombe, wengine wamekwisha kukaangwa, wengine bado wana mbawa. Tulinunua kikombe kimoja, tukala tukitazama mstari mwembamba ukisogea kwenye kioo. Mpwa wangu aliniuliza: “Mjomba, kwa nini umebadili nia?” Nilimwambia kwamba nilikumbuka jambo. Hakuuliza zaidi.

Visa vyenyewe tulivimaliza kwa jioni nne. Vilikuwa vizuri. Kilichonifurahisha ni kwamba kipande kilichoongezwa kilibadili maana ya kile kilichotangulia. Watu tuliowajua wakiwa wazee na waovu tuliwakuta wakiwa wageni katika nchi ya watu, bado hawajaamua watakuwa nani. Kisha vikaisha, na mvulana akanitazama kwa macho niliyoyafahamu. Yalikuwa macho yangu, miaka arobaini nyuma, karatasi ilipokatika.

“Hakuna kingine?” aliuliza.

Wakati ule hakikuwapo. Mchezo wa pili, The Rise of the Golden Idol, ulitoka mwaka uliofuata. Nikasema: “Nitakutungia.”

*

Hapa ndipo ninapotaka wapenzi wa lugha wanisikilize vizuri, kwa maana nilidhani kazi ni rahisi, na Kiswahili kikaniumbua.

Nilichora ghala la kahawa la kijijini. Gunia moja limepotea, mlinzi amekutwa amezimia, na watu watatu wanashukiwa. Mpwa wangu, mwenye mkono mzuri, aliboresha michoro. Niliandika maneno kwenye vipande vya karatasi, ishirini na moja kwa jumla, nikaandika na maelezo yenye nafasi tupu. Nilimpa saa tatu usiku, nikaenda kuchemsha chai. Chai haijachemka, akaniita. Amemaliza, na hakukosea hata nafasi moja.

“Umeona nini kilichokuonyesha?” nilimuuliza.

“Sikuona kitu, Mjomba. Picha sijazitazama. Nimefuata ngeli tu.”

Alinionyesha. Niliandika: _____ lilimwangukia mlinzi. Katika vitu vyote nilivyoviorodhesha, mwenye haki ya kutawala li- alikuwa gunia peke yake. Niliandika: _____ kilikutwa mlangoni. Kisu, basi. Niliandika: _____ ulikuwa umevunjwa, na ufunguo haukuvunjika, kwa hiyo ni mlango. Sentensi zangu zilikuwa zimewasaliti wahalifu wote kabla upelelezi haujaanza. Upatanisho ni shahidi asiyejua kunyamaza: kila kitu kikitenda jambo, alama ya nasaba yake hubaki kwenye kitenzi, kama nyayo kwenye tope.

Nanyi mmekwisha kuona kejeli iliyomo. Mvulana aliyepata matatu kati ya kumi katika upatanisho ndiye aliyenishinda kwa upatanisho. Alikuwa anazijua ngeli tangu awali. Alichokosa ni sababu ya kuzitumia. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ya kwanza. Alitazama chini, akasema, “Haina shida, Mjomba,” lakini nilimwona akitabasamu.

Tulianza upya, safari hii tukiwa wawili, na kwa wiki nzima tulichunguza jinsi Kiswahili kinavyotunza siri na jinsi kinavyozivujisha. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, kauli ya kutendwa ni rafiki wa mfichaji. Ukisema kilimuua, umekwisha kutaja kisu au kijiti. Ukisema aliuawa kwa _____, neno kwa halina nasaba. Kisu, jiwe, mshale na sumu vyote hukaa hapo bila kugombana.

Pili, kama huwezi kuikwepa ngeli, ijaze. Tukihitaji kisu, tuliweka kando yake kikombe, kitambaa, kijiko na kiberiti, na vyote tukavipa kazi katika picha. Huo ndio utafutaji wa vina hasa: kukusanya maneno yenye umbo moja na maana mbalimbali. Mvulana ambaye hajawahi kutunga shairi alikuwa amekaa sakafuni akinitajia maneno ya ki- kama malenga mzee.

Tatu, na hili ndilo lililotushangaza, kwa upande wa watu Kiswahili hutunza siri kuliko Kiingereza. Kiambishi a- hakimtofautishi mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto, hata mtu na mbwa. Mchezo wa Kiingereza hulazimika kila mara kuamua kama ni bwana au bibi. Sisi tunaweza kuandika alimpenda, akamfuata, akamwekea sumu, na wote wawili wakabaki gizani. Silabi moja hutosha kugeuza kesi nzima: alimuua na alijiua.

Nne, majina ya ujamaa ni hatari. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama. Sisi tuna mjomba, tuna ami, tuna baba mkubwa na baba mdogo, na ukilitaja mojawapo umekwisha kuonyesha mali itaelekea upande gani wa ukoo. Katika visa vya urithi huo ni uvujaji mkubwa. Lakini tunalo neno ndugu, ambalo ni pango la mafichoni. Ndugu anaweza kuwa wa kiume au wa kike, mkubwa au mdogo, wa tumbo moja, wa ukoo, wa dini au wa chama. Mtunzi wa upelelezi anayeandika Kiswahili anapaswa kulishukuru neno hilo kila asubuhi.

Toleo la tatu la kisa chetu lilimchukua jioni mbili. Alizitazama picha kwa taa ya mkononi. Aligundua kwamba gunia halikuibwa. Lilihamishwa na mlinzi mwenyewe, ili mwenye ghala asijue kwamba kahawa iliyomo imeota ukungu kwa uzembe wa ndugu wa mlinzi. Alijaza nafasi ya mwisho, akaisoma sentensi nzima kwa sauti, polepole, akipatanisha kila neno.

Kisha akaniuliza: “Mjomba, mwisho huu ni wa kweli, au umeutunga?”

Swali lile lilinikuta nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini. Nilimsimulia habari za Tata, babu yake ambaye hakumwona: kitabu kilichokuja na wakimbizi, karatasi zilizokatika, jioni tatu za kusoma hewa, kicheko cha ukumbini, kahawa iliyoanikwa uani. Nilimsimulia na nilichokisema, na jinsi sauti ilivyokuwa ikikatika nilipoingia mlangoni. Alisikiliza bila kutikisika.

“Nimeutunga,” nikasema.

Alifikiri kidogo. “Basi,” akasema, “nitungie mwingine. Na ule wa Babu niambie ulikuwaje.”

Nilimwambia. Nilikuwa naukumbuka wote, jioni ya kwanza hadi ya tatu. Ni mwisho wenye kasoro. Bwana Msa wa Tata anazungumza kama mzee wa Kihaya, na kuna mahali anakula ndizi za kupika ambazo sidhani kama alizizoea. Lakini muuaji wake ana sababu inayoeleweka, na hakuna aliyeachwa bila kujibiwa. Ulistahili kusimuliwa. Sijui kwa nini nilihitaji miaka thelathini na mitatu kuligundua hilo.

Mpwa wangu alirudi Mwanza Januari. Katika mtihani uliofuata alipata saba kati ya kumi, na mwalimu wake amemwandikia kwamba aache kuchora pembezoni mwa daftari. Kila mwezi namtumia kisa kimoja kwa simu, na kila mwezi ananirudishia orodha ya mahali ngeli zilipovuja.

Nawaachia beti tatu nilizozitunga kwa ajili ya mgeni aliyekuja kwetu bila mkia. Kwa aliyesoma hadi hapa, fumbo lenyewe si gumu. Ninachoomba ni ubeti wa nne, nao nimeuacha wazi kwa makusudi.

Mgeni kaja nyumbani, toka mbali amekuja,
Hana ulimi kinywani, husema bila kungoja,
Alilala mkobani, wala hakutaja haja,
Mkia hana, jamani, nani wa kunipa hoja?

Baba kampa mkia, usiokuwa wa kwake,
Nami nikashangilia, nikadhani mali yake,
Wenzangu kuwaambia, wakacheka niumbuke,
Leo hii nalilia, mkia ule si wake.

Malenga wenye habari, ubeti niongezeni,
Ngeli nimeweka siri, msiitafute ndani,
Jibuni kwa ushairi, vina vyangu fuateni,
Kalamu iko tayari, mgeni yu mlangoni.